Boti naipenda, waliofunga pampu sijawasamehe

Nilisubiri hasira ipungue ndipo niandike. Haijapungua, basi naandika nayo.

Mimi nanunua dagaa na mawese vijiji vya kusini mwa Kigoma, kuanzia Ilagala kushuka mpaka Kalya. Nilichoka kulala juu ya magunia kwenye mitumbwi ya watu nikisubiri mzigo ujae. Nikatafuta boti ya faiba iliyotumika, ndogo, yenye chumba cha kulala mbele na mashine ya kufunga nyuma, ikaletwa kwa lori kutoka Dar. Urefu wake na nguvu za mashine wauzaji watakueleza. Ninachotaka kusema ni habari ya karakana iliyonifungia umeme, pampu, sola na jiko. Jina silitaji, wanajijua.

Boti yoyote yenye chumba inaingiza maji. Ya mvua, ya mawimbi, hata yale yanayokuja na kamba ya nanga ukiivuta. Yote yanashuka chini kwenye ngama, yaani tumbo la chini kabisa la boti, na pampu yenye swichi ya kuelea inatakiwa kuyatoa yenyewe usiku, wewe ukiwa umelala. Ndiyo maana waya wake hutoka kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi yake peke yake, bila kupita kwenye swichi kuu. Mtu anayelala botini huzima swichi kuu ili betri isiishe. Hawa mafundi waliipitisha pampu kwenye swichi kuu! Ukizima taa ulale, na pampu umeizima. Wakanikabidhi funguo, wakapokea pesa yao yote, na hakuna aliyefungua mdomo kuniambia.

Tukalala Sunuka. Mvua zilikuwa ndiyo zinaanza, na upepo ukageuka usiku, mawimbi yakawa yanapanda nyuma kwenye mashine. Niliposhusha mguu kitandani ukaingia kwenye maji mpaka juu ya kifundo. Nikawasha swichi kuu, pampu ikakoroma kidogo ikanyamaza, kwa sababu walifunga betri moja kwa vitu vyote, na friji ilikuwa imeinyonya tangu mchana. Mimi na kijana wangu tulichota maji kwa sufuria ya ugali mpaka kunapambazuka. Magunia ya chini yote yakaloa. Mfanyabiashara wa dagaa anajua maana yake: dagaa aliyekauka vizuri akiloa tena, mnunuzi wako ni mfuga kuku, na bei anapanga yeye.

Asubuhi nikampigia fundi mkuu. Sikumtukana. Nilimsalimia, nikamweleza taratibu. Akanijibu, “Mama, boti kuingia maji mbona kawaida. Kwani hukuwa na ndoo?” Akacheka, na nyuma yake nikasikia wengine wanacheka. Nina mtoto wa umri wake.

Huyo kijana anajua analoliongea? Ziwa Tanganyika pale lilipo refu kwenda chini linafika mita 1,470, na sehemu nyingi linaporomoka ghafla, hatua chache tu kutoka ufukweni. Meli ya Liemba waliizamisha Wajerumani wenyewe mwaka 1916, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, na kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nzito ili isishike kutu. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Watu waliokuwa wanazamisha meli kwa makusudi waliijali kuliko hawa niliowalipa ili yangu ielee. Boti yangu ingekwenda chini, nani angekuja kuiibua? Na mimi na mtoto wa watu tuliokuwa ndani?

Usiku ule ndio ulionifanya nikague kila kitu. Vile vipande vya chuma vinavyofungwa kwenye mashine ili viliwe vyenyewe badala ya mashine, vyangu ni vya zinki. Zinki ni ya maji chumvi. Kwenye maji baridi kama haya inajifunika utando na kuacha kufanya kazi, huku tunatakiwa kufunga magnesi. Nilipouliza nikaambiwa, “Hata Dar wanatumia hizi.” Dar kuna bahari, baba!

Haki lazima niiseme hata kama inaniuma. Jiko walilifunga vizuri sana. Mtungi uko nje ya chumba, kwenye sanduku lenye tundu chini, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja ndani inakwenda kulala kwenye ngama inasubiri cheche. Na sola haijanisumbua.

Halafu kuna yule kijana mdogo wa karakana hiyohiyo. Alisikia, akaja mwenyewe Kibirizi jioni baada ya kazi, akashika miguu yangu kusalimia, akasema, “Shikamoo mama, nimekuja kurekebisha.” Akaitoa pampu kwenye swichi kuu, akaipandisha betri juu ya rafu, akafunga ya pili kwa ajili ya kuwashia mashine tu. Akazima umeme wote, akamwaga maji kwenye ngama, akaniambia nisikilize. Pampu ikalia. Nilitaka kulia na mimi. Akanieleza pia kwamba Kigoma tuko juu ya bahari zaidi ya mita 770, mashine inapungukiwa na hewa, kwa hiyo propela iliyokuja na boti ni nzito kwake, nitafute yenye mkunjo mdogo zaidi. Nikabadilisha, na sasa nikiwa na mzigo boti inainuka vizuri. Pesa alikataa, alichukua nauli tu.

Nilikuwa nimepanga kuandika msiende kwao kabisa. Kwa ajili ya huyo mtoto nasema nendeni, mumuulize yeye, kazi aifanye yeye, na msilipe kabla hamjaisikia pampu ikilia swichi kuu ikiwa imezimwa. Ingawa nikikumbuka kile kicheko kwenye simu, hapana, msiende. Msubirini afungue karakana yake.

Boti siiuzi. Wiki iliyopita nimelala nayo Kalya, mvua usiku kucha, magunia makavu. Hela ya dagaa walioloa bado nawadai. Wameniambia nipite Jumatatu, na nitapita.