Uzoefu wangu wa Subversion katika folda ya pamoja ya ofisi

Ofisini kwetu Kisasa, Dodoma, tunachora ramani za viwanja, na kwa kuwa michoro miwili ya namna hiyo haiunganishiki kama maandishi, tulichagua Subversion, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, ambayo humwezesha mtu kulifunga faili kwenye hazina kuu ili mwenzake asilibadilishe kwa wakati huohuo. Kwa kazi hiyo sina lawama. Adha ilianza nakala za kazi, yaani zile ambazo kila mtu huzichukua kutoka hazina ili azifanyie kazi, zilipowekwa kwenye folda ya pamoja ya seva, kwa hoja kwamba chelezo (nakala za akiba) zichukuliwe mahali pamoja.

Asubuhi, wote wakishawasha kompyuta, anayesasisha nakala yake huambiwa kuwa hifadhidata imefungwa. Akirudia, ama inakubali, ama inakwama katikati na kudai amri ya "svn cleanup", ya kusafisha shughuli iliyokwama. Umeme ukikatika ni balaa zaidi, kwani seva yenye betri ya akiba huendelea kwa muda kuamini kwamba kompyuta iliyozimika bado imelishika faili, na amri hiyo nayo hugoma.

Chanzo kinajulikana. Tangu toleo la 1.7 la mwaka 2011, kumbukumbu za nakala ya kazi hukaa katika faili moja, wc.db, ndani ya folda ya .svn, nalo ni hifadhidata ya SQLite, programu inayotunza data zote katika faili moja. SQLite hutegemea mfumo wa mafaili useme kweli ni nani aliyeshika kufuli, na nyaraka zake zenyewe zinaonya kwamba mifumo mingi ya mafaili ya mtandao ina kasoro hapo. TortoiseSVN, programu ya kutumia Subversion ndani ya Windows, nayo hulisoma faili hilohilo ili kuonyesha alama zake juu ya folda. Tulipozizima alama hizo kwa diski za mtandao, usumbufu ulipungua bila kwisha. Toleo la 1.8 lilileta kipengele cha "exclusive-locking", ambacho huongeza kasi lakini huzuia programu nyingine kuigusa nakala kwa wakati huo, jambo lisilomfaa anayetumia TortoiseSVN na amri za svn kwa pamoja.

Sasa kila mmoja ana nakala yake kwenye diski ya kompyuta yake, hazina inahudumiwa na svnserve, seva ya Subversion yenyewe, na chelezo huchukuliwa kwa "svnadmin hotcopy", amri ya kuinakili hazina. Kazi isiyowasilishwa kwenye hazina haina chelezo, kwa hiyo hakuna anayetoka jioni kabla ya kuwasilisha. Naipa nyota nne kati ya tano. Moja naikata kwa sababu "svn checkout", amri ya kuchukua nakala ya kazi, hukubali folda ya mtandao bila onyo lolote.