African Storybook kwa mtoto anayeogopa kusoma mbele za watu

Mtoto anayesoma vizuri akiwa peke yake, kisha akababaika akiitwa mbele ya darasa, anahitaji kurasa fupi na kitu kitakachovuta macho ya wenzake. African Storybook, maktaba ya mtandaoni ya hadithi za picha ya shirika la Saide la Afrika Kusini, inampa vyote viwili, tena bure. Leseni yake inaruhusu kuchapisha na kugawa nakala bila kuomba kibali, mradi waandishi na wachoraji watajwe. Za Kiswahili zimo tele.

Hadithi zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia maneno machache kwa ukurasa hadi aya ndefu. Hapa ndipo mwalimu anaponaswa: ngazi ya tano inaitwa ya kusoma kwa sauti, lakini imekusudiwa mtu mzima awasomee watoto. Ukimpa mtoto mwoga hiyo, umemuumiza. Mwanzishie ya pili, hata kama ni wa darasa la tano, ili ulimi usiwe na kazi ngumu wakati moyo unadunda.

Uzuri mkubwa umo kwenye picha. Katika ngazi za chini kila ukurasa una mchoro mkubwa na maneno kidogo, kwa hiyo wasikilizaji hutazama mchoro, na msomaji hupumua. Kwenye simu faida hiyo hupotea, maana kioo kinamtazama msomaji, nao wasikilizaji hubaki kumkodolea yeye macho. Ni heri kuchapisha.

Chapisha upande mmoja wa karatasi, kata maandishi, uyabandike nyuma. Angalia mpangilio: maandishi ya picha ya pili yakae nyuma ya karatasi ya kwanza, ya tatu nyuma ya karatasi ya pili, vivyo hivyo hadi mwisho, ya picha ya kwanza yakae nyuma ya karatasi ya mwisho. Akimaliza ukurasa, msomaji anahamishia karatasi ya mbele nyuma ya rundo, na maneno anayoyahitaji yanamjia usoni. Ukibandika kila maandishi nyuma ya picha yake mwenyewe, itabidi apekue rundo katikati ya hadithi, na hapo hofu inarudi.

Kinachowakwamisha wengi ni vitenzi virefu. Neno kama "wakamkaribisha" lipigiwe alama ya penseli mapema: waka-m-karibisha, mkazo kwenye "bi". Kila kituo kiwekewe mkwaju (/), avute pumzi hapo. Mara ya kwanza someni pamoja, wewe ukipunguza sauti taratibu. Akikwama, subiri kidogo, kisha mpe neno zima aendelee. Usimrudishe mwanzo wa sentensi.

Kasoro zipo. Mtu yeyote anaweza kuandika au kutafsiri humo, hivyo Kiswahili cha baadhi ya hadithi kinapwaya. Ipitie mwenyewe kwanza, na hadithi zilizoidhinishwa na African Storybook yenyewe ndizo za kutangulizwa. Michoro ya rangi nzito hugeuka giza kwenye fotokopi. Anayetaka kusikia msomaji mwingine kwanza, tovuti ya Storybooks Canada ina hadithi 40 zilizotoka humo, zikiwa na sauti.

Mzazi au mlezi ambaye naye anaogopa kusoma kwa sauti achukue ngazi ya tano na awasomee watoto wadogo. Hiyo iliandikwa kwa ajili yake.