Sali ya sporti ya bazee kule Nguba, Bukavu: vyuma bizuri, ngazi hapana

Mama yangu ana miaka 68, ni mutu wa Kadutu, na siye wote tulikuwa tunawaza kupanda ile milima kila siku inatosha kama sporti. Kumbe kutembea inasaidia moyo na pumzi lakini haitoshi kulinda misuli, iyo inaanza kupunguka toka miaka 30 ao 40 ivi na kisha 60 inaenda mbio, badokta banaita sarkopenia. Njo nikamuandikisha ku iyo sali.

Siku ya kwanza kochi alimuikalisha ku kiti, mikono imekunjwa ku kifua, eti mama simama, ikala, mara tano, bila kushika kitu, yeye anapima na simu. Ikipita sekunde 15 ni alama nguvu ya miguu imepunguka. Ya mama ilipita, na alikasirika kweli kweli 😂

Apa hakuna kucheza muziki tu. Banabeba altere, bidon za maji, banavuta elastiki, bamama na bikwembe byabo, na ukizoea uzito kochi anaongeza kidogo, juu misuli isipolemewa haikue. Bale banasema muzee kubeba vyuma ni kujiua, bajue kule Boston (Amerika) mu 1990 batafiti balibebesha vyuma bazee ba miaka 86 mpaka 96, wiki 8 tu, nguvu ya miguu ikapanda zaidi ya mara mbili!

Sasa malalamiko. Ngazi ya kuingia haina fasi ya kushika, mvua ikinyesha inateleza, na ni sali ya bazee jamani?! Tena banakusukumia poda ya protini ya mu kopo, bei ya wizi. Muzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 mpaka 72 ivi ya protini kwa siku, na samaki kidogo za sambaza, mayai, maharagi na soya binaweza kumufikisha. Shida ya kwetu ni koko anaachia bajukuu samaki yote, yeye anabakia na bugali na muchuzi, iyo hakuna poda itaponesha. (Mwenye figo mbaya aulize dokta mbele ya kuongeza protini.)

Dola 15 kwa mwezi, mara mbili kwa wiki, mi naona ni sawa. Lakini mumuandikishe ya saa tatu asubui, ya mangaribi bijana banajaza sali na kochi haone tena bazee.