Mafunzo ya vikaragosi vya televisheni mjini Moshi: mkono kwanza, sauti baadaye

Mafunzo ya kuchezesha vikaragosi yanayotolewa katika ukumbi wa kukodi mtaani Soweto, Moshi, huchukua wiki mbili na hulenga jambo moja tu: kikaragosi kinachoonekana kwenye televisheni, si kile cha jukwaani wala cha sherehe za kuzaliwa. Niliyahudhuria pamoja na walimu wa chekechea, vijana wachache wenye chaneli zao za YouTube, na mama mmoja anayefundisha Shule ya Jumapili huko Machame. Ninayaandikia tathmini hii kwa sababu yanaichukulia kazi hii kuwa kazi kamili, yenye ufundi wake, ngazi zake na maumivu yake, na mtazamo huo ni adimu kwetu. Ada ni shilingi 180,000, chakula cha mchana kikiwemo. Kwa upande wa mkono na kamera, mwanafunzi anapata stahiki ya fedha yake yote. Kwa upande wa riziki, waandaaji bado wana deni.

Wengi wetu tulifika tukiwa na sauti zetu tayari. Mmoja alikuwa na sauti ya sungura, mwingine ya babu mkali, na kila mmoja alitamani kuisikilizisha. Mkufunzi, ambaye alifanya kazi katika vipindi vya watoto nje ya nchi kabla ya kurudi Kilimanjaro, alizizuia zote kwa wiki nzima ya kwanza. Badala yake tulisimama kwa safu, mkono mmoja umenyooshwa juu ya kichwa, tukihesabu moja hadi mia huku vidole vikifunguka na kufumba bila kikaragosi chochote. Bega huanza kuwaka mapema, kiwiko hushuka bila mwenyewe kujua, na kiwiko kikishuka, kikaragosi huonekana kwenye picha kana kwamba kinazama majini.

Ugumu wa zoezi hilo unaeleweka vizuri zaidi tukimtazama Caroll Spinney, aliyemchezesha Big Bird, ndege mkubwa wa manjano wa Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani, tangu kilipoanza Novemba 1969. Ndege huyo ana urefu wa karibu mita 2.5, na kichwa chake kinabebwa na mkono wa kulia wa mtu aliye ndani, ulionyooshwa juu muda wote, kidole kidogo kikiendesha macho. Mkono wa kushoto umo ndani ya bawa la kushoto, na bawa la kulia limeunganishwa nalo kwa uzi wa kuvulia samaki, ili moja likishuka jingine lipande. Aliye ndani haoni nje. Hufuata picha kwenye televisheni ndogo iliyofungwa kifuani. Spinney aliibeba kazi hiyo hadi alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 80, akaacha kuvaa vazi hilo mwaka 2015, akabaki na sauti hadi alipostaafu mwaka 2018, na akafariki Desemba 2019. Baada ya kusimuliwa habari hiyo, hakuna mwenzetu aliyelalamikia tena kuhesabu hadi mia.

Somo la skrini ndilo bora kuliko yote, na kama muda wangu ungeniruhusu kuhudhuria sehemu moja tu, ningechagua hiyo. Jim Henson, Mmarekani aliyeanza na kipindi kifupi cha televisheni mjini Washington mwaka 1955, aliachana na kibanda na pazia la michezo ya zamani, akaifanya mipaka ya picha yenyewe kuwa jukwaa. Tangu hapo mchezeshaji wa televisheni hamtazami kikaragosi chake, bali hutazama skrini iliyo chini yake, akiona kile kile atakachokiona mtoto nyumbani. Taabu ni kwamba picha hiyo si ya kioo cha kujitazamia. Ukisogea kuliani mwako huku ukiielekea kamera, kikaragosi huenda kushoto mwa picha, na ubongo hukataa. Tuligongana, tulitoka nje ya picha, tulipishana tulipotakiwa kukutana, na mkufunzi aliturudisha mwanzo kwa upole ambao ninausifu kwa dhati, kwa kuwa hakuwahi kumwaibisha mtu mbele ya wenzake.

Katika somo la mdomo nilifurahi kuona kwamba Kiswahili hakikupachikwa juu ya mazoezi ya kigeni. Kanuni ya jumla ni kwamba dole gumba ndilo taya: vidole vinne vya juu hutulia na gumba hushuka, kwa sababu anayerusha vidole vya juu kwa kila neno humwonyesha mtazamaji kaakaa badala ya uso. Lakini baada ya kanuni hiyo tulizama kwenye silabi zetu wenyewe. Karibu zote huishia kwa irabu, hivyo mdomo una mahali pa wazi pa kufungukia, na "karoti" hufungua mara tatu bila mjadala. "Mtoto" lina silabi tatu pia, ila ya kwanza hutamkwa midomo ikiwa imefumbwa, kwa hiyo kikaragosi hufungua mara mbili tu. Akifungua mara tatu, mtoto wa chekechea hatasema kosa liko wapi, lakini ataacha kuamini. Katika usemi wa haraka tulifundishwa kuufungua mdomo zaidi kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, pale mkazo unapoangukia, na kuziacha nyingine zipite kwa mwendo mdogo. Ningependa sehemu hii iandikwe kitabu kidogo, kwa maana ni elimu ambayo walimu wengi wangeitumia darasani hata bila kamera.

Vikaragosi tulishona wenyewe. Tulitumwa Soko la Memorial kutafuta makoti na majaketi ya mitumba yenye kitambaa laini kisichong'aa, sponji tulinunua kwa fundi makochi, na gundi ni ile ya mafundi viatu. Utaratibu huo una asili inayoheshimika: Kermit wa kwanza, kikaragosi mashuhuri cha Henson, alishonwa naye mwaka 1955 kwa kitambaa cha koti kuukuu la mama yake, na macho yake yalikuwa nusu mbili za mpira wa tenisi ya meza. Tulitumia muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwenye mboni za macho peke yake, tukizisogeza karibu na pua kidogo kidogo hadi kikaragosi kikaacha kutazama popote na kuanza kumtazama mtu. Don Sahlin, fundi wa Henson, alisifika kwa kazi hiyo hasa. Upungufu ninaoutaja hapa ni wa vifaa. Ukumbi haukuwa na hewa ya kutosha wakati wa kupaka gundi, na kadi ngumu tuliyopewa kwa ajili ya mdomo ililegea kwenye mkunjo kabla mafunzo hayajaisha. Mmoja wetu aliibadilisha kwa kipande cha plastiki ya dumu, nacho kinafanya kazi vizuri. Waandaaji wangeanza na hicho.

Wiki ya pili inahusu kazi ya wawili, na hapa ndipo nilipoelewa jinsi mtu anavyopanda ngazi katika taaluma hii. Kikaragosi kinachoshika vitu kwa mikono halisi huhitaji watu wawili: mmoja huchukua kichwa na mkono wa kushoto, mwingine mkono wa kulia pekee. Frank Oz, ambaye baadaye alipata jina kubwa, alipojiunga na Henson mwaka 1963 alikuwa mkono wa kulia wa Rowlf, yule mbwa mpiga piano. Anayeanza hupewa mkono wa mtu mwingine, hana sauti, hana uso, na hujifunza kwa kusikiliza mwili wa aliyemtangulia. Zoezi letu lilikuwa kumenya ndizi. Mama wa Machame alipangwa na kijana wa chaneli ya YouTube, na ndizi ikaanguka mara kadhaa kabla kijana hajauliza, "Mama, nikufuate kwa macho au nisubiri uniambie?" Akajibiwa, "Sikiliza ninavyovuta pumzi, mwanangu." Ndizi ikamenywa. Mkufunzi aliwataka warudie mbele ya wote, na kwa maoni yangu hakuna alichofundisha siku hiyo kilichozidi hapo.

Kwa kuwa wengi wetu tulikuwa wanawake, nilithamini pia kwamba Fran Brill hakusahaulika. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa na Henson kuchezesha vikaragosi katika Sesame Street, mwaka 1970, na alistaafu mwaka 2014.

Sauti zilipofunguliwa hatimaye, hatukuulizwa jina la kikaragosi bali umri wake. Sababu yake ni ya hapa kwetu kabisa. Mtoto wa Kitanzania akikutana na mtu hujua mara moja nani anaanza kutoa shikamoo, na kikaragosi kisicho na umri humwacha njia panda. Tuliliona hilo watoto wa chekechea ya jirani walipoletwa kututazama. Kikaragosi chenye ndevu nyeupe kiliwapungia mkono kwa sauti ya kitoto, nao wakanyamaza, wengine wakiwageukia walimu wao. Kilichofuata kilikuwa bibi aliyefungwa kanga, mwendo wake wa polepole, na kabla hajasema lolote safu ya mbele ilimwamkia: "Shikamoo, bibi!" Mchezeshaji akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu," na kuanzia hapo aliweza kuwafundisha kunawa mikono kwa muda wote aliotaka. Ninaamini kwa moyo wote kwamba vipindi vya watoto vya Kiswahili vitafanikiwa pale vitakapoanzia kwenye adabu hii badala ya kuazima vikaragosi vilivyokwisha kukamilika kwingine.

Deni nililolitaja mwanzoni ni la riziki. Mada hiyo ilipewa mchana mmoja tu, na mchana wenyewe ulikatwa na umeme. Tuliambiwa mambo ya kutia moyo, na ni ya kweli: kwamba Tanzania ilikuwa na Kilimani Sesame, toleo lake la Sesame Street, na kwamba Afrika Kusini ilimleta kikaragosi Kami mwaka 2002, mtoto wa miaka mitano anayeishi na virusi vya UKIMWI, ili watoto wazungumze juu ya jambo ambalo watu wazima walilificha. Lakini mtu anayetaka kuacha ajira yake anahitaji picha kamili zaidi. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam, ambalo watoto wetu wanalifahamu, hutengeneza katuni, kwa hiyo nafasi zake ni za wachoraji na waigizaji wa sauti zaidi kuliko za mikono. Kenya ilianza kipindi cha The XYZ Show mwaka 2009, chini ya mchoraji Gado, mzaliwa wa Tanzania, ila vikaragosi vyake ni vya siasa na watazamaji wake ni watu wazima. Yaelekea mhitimu wa Moshi ataanza kwa shule, makanisa, misikiti na kampeni za afya, huku akijenga kipindi chake mtandaoni, na hilo lilipaswa kusemwa wazi na kufundishwa namna ya kulipangia bei.

Mkataba nao haukuguswa. Katika kazi hii mhusika kwa kawaida ni mali ya kampuni, si ya mkono unaomchezesha. Spinney alipoondoka, Big Bird aliendelea mikononi mwa Matt Vogel. Mchezeshaji anayeshona kikaragosi chake mwenyewe, akakipa sauti, kisha akakipeleka kwenye kituo cha televisheni, anapaswa kujua kabla ya kutia sahihi ni nini anakiuza na nini anakibakiza. Mtu mmoja kutoka COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, angeweza kutueleza hayo kwa saa mbili, na ninawaomba waandaaji wamwalike katika awamu ijayo, hata kama italazimu kupunguza siku ya kushona.

Anayefikiria kwenda ajiandae hivi. Akitaka kujizoeza nyumbani kwa simu, akumbuke kwamba kamera ya mbele kwa kawaida humwonyesha mtu kama kwenye kioo, hivyo atajifunza mwelekeo usio sahihi. Ni heri kutumia kamera ya nyuma iliyounganishwa na televisheni. Avae shati jeusi la mikono mirefu, na abebe koti lake kama analo zuri, kwa sababu bei za Memorial hupanda wauzaji wanapogundua kundi zima linatafuta rangi moja. Anayetoka Arusha atafute malazi Moshi badala ya kusafiri kilomita 80 kila asubuhi, kwa kuwa mazoezi ya mkono huanza saa mbili kamili na hayarudiwi kwa aliyechelewa.