Msasa wa kaduka ka Langoni, Lamu: mlango wa bibi umetoka laini

Mlango wa chumba cha bibi ni wa mvule, umepakwa vanishi juu ya vanishi mpaka ukawa mweusi tii, nikasema huu nauvua wote mbao itoke. Msasa wa kwanza nlinunua Malindi, duka silitaji, bei ya kutupa kweli lakini nimesugua dakika mbili tu mchanga wote umehamia mkononi na karatasi imebaki tupu kama ya daftari. Iliniuma.

Hapa Langoni nikaingia kaduka kamoja ka hadiwea kichochoroni, mzee akaniuliza kwanza, "Mbao gani? Na mwisho wataka vanishi au mafuta?" Hakuna duka limewahi kuniuliza hivyo. Akanitolea moja moja namba 80, 120, 180, 240 (namba ndogo ndo yenye mchanga mkubwa), na ule mweusi wa maji, unaosugulia ukiwa umelowa, namba 400 wa kupitisha vanishi ya kwanza ikishakauka, akasema usiruke namba mwanangu.

Mi upande wa ndani nikaruka, 80 kisha 240 moja kwa moja, kwa mkono nikaona laini kabisa. Vanishi ilivyoingia na jua la asubuhi likapiga kwa ubavu, mikwaruzo yote ya 80 ikajitokeza kama mtu kapitisha kucha! Nikavua tena. Upande wa nje nlifuata zote, msasa nimeuzungushia kipande cha mbao, nasugua kufuata nyuzi sio kuzikata, kabla ya 240 nikapangusa na kitambaa kibichi nikaacha ikauke, vile vinyoya vya mbao vikasimama ndo nikavipitia polepole. Saa hii ukiupapasa wallahi hutoi mkono.

Kwenye nakshi kipande cha mbao hakiingii, hapo alinipa msasa wa kitambaa, nikaukata vijiutepe nikazungushia kijiti, unapinda bila kuvunjika. Mzee anasema mafundi wa zamani walisugulia majani ya mti wa msasa wenyewe, jani lake linakwaruza haswa, jina limetoka huko.

Ana ghali kidogo kuliko Malindi ila karatasi yake moja imenifanyia kazi ya nne. Kinachonikera hauzi barakoa, na vumbi la mvule sio mchezo, nimepiga chafya siku mbili na shingo inawasha, jamani mzee weka hata boksi moja. Namba 240 nayo nlimmalizia, mzigo mwingine anaungoja na boti, ukifika narudi nimalizie fremu.