Mark X ya Tabora: nilifunga "kiokoa mafuta", halafu nikapima kwa pampu

Mwangaluka, wadau. Karibuni ndani ya gari. Leo haijaoshwa, mtanivumilia, nimetoka Nzega sasa hivi. Nimepaki hapa Tabora mjini chini ya mwembe, kwa hiyo mkisikia kitu kimepiga bati msishtuke, ni embe.

Gari mnayoiona ni Toyota Mark X, toleo la kwanza, GRX120, lililotoka 2004 mpaka 2009. Injini ni 4GR, V6, yaani ya silinda sita, ya cc 2,500, nguvu za farasi 215, otomatiki ya gia sita, inasukuma kwa miguu ya nyuma. Tuseme ukweli, hakuna anayenunua gari hii kwa ajili ya mafuta. Unainunua kwa sababu ukilimaliza tuta la mwisho la mjini ukakanyaga, kiti kinakukumbatia. Raha hiyo inalipiwa sheli. EWURA, mamlaka inayosimamia mafuta, wanatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi wa huku bara tuko mbali na bandari, kwa hiyo juu ya bei ya Dar tunaongezewa na safari ya mafuta yenyewe mpaka yatufikie.

Kwa hiyo kama una Mark X, au Altezza, au Subaru ya turbo, na shemeji akikuomba umpeleke Urambo unaanza kutafuta sababu, kaa hapa.

Kilichonifanya nitengeneze video hii ni hiki hapa. Ngoja nikisogeze karibu na kamera. Kidude cha plastiki, kina taa ya kijani, unakichomeka kwenye soketi ya OBD, ile iliyo chini ya usukani ambayo fundi anachomekea mashine ya kupima gari. Niliuziwa elfu thelathini na tano. Maelezo yake: kinaongea na kompyuta ya gari, kinajifunza unavyoendesha, kinapunguza mafuta. Muuzaji akanisisitiza, "Kaka, kipe kilomita mia mbili kikuzoee." Nikakipa. Ndugu zangu, kilomita mia mbili zikiisha, aliyezoea ni wewe.

Kabla sijatoa namba nieleze nilivyopima, maana mitandaoni mtu anakwambia gari yake inatembea kilomita 14 kwa lita, ukimuuliza amepimaje anasema ameangalia mshale. Mshale hausemi chochote. Nilichofanya ni hivi: sheli moja, pampu ileile, asubuhi na mapema. Najaza mpaka mkono wa pampu ukate wenyewe, na ukishakata siongezi hata tone. Naenda Nzega, nakunywa chai, narudi. Kwenda na kurudi inasoma kilomita 231. Najaza tena pampu ileile mpaka ikate. Lita zilizoingia ndizo zilizotumika; unagawa kilomita kwa lita, basi. Na kama umebadilisha rimu ukaweka tairi refu au fupi kuliko la kiwandani, jua hata kilomita zako ni za uongo, kwa sababu gari inahesabu mizunguko ya tairi.

Safari ya kwanza, gari ilivyo, bila kidude: lita 28.5. Hiyo ni 8.1 kwa lita, tena barabara kuu ya lami, siyo foleni. Ya pili, kidude kimeshazoea, taa inawaka vizuri kabisa: lita 28.7. Yaani imezidi kidogo. Sisemi kidude kinaongeza mafuta, tofauti ndogo namna hiyo inaweza kuletwa na upepo tu au lori ulilokaa nyuma yake. Ila kuokoa, hakijaokoa.

Nikachukua bisibisi nikakifungua. Tazameni. Taa, vipande vichache vya umeme, chipu moja ya kuwasha na kuzima taa. Soketi ina pini 16. Zinazofanya kazi humu ni za moto na za hasi. Zile za kuongea na kompyuta ya gari haziendi popote. Hakijui hata kama kimefungwa kwenye Mark X au kwenye trekta. Na siyo mimi wa kwanza kuyaona haya: shirika la mazingira la Marekani, EPA, limeshapima zaidi ya vifaa 100 vya kudai kuokoa mafuta, na halijapata kimoja cha kuleta tofauti ya maana. Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta zimo kwenye kundi hilohilo. Petroli siyo chuma, haina habari na sumaku.

Sasa tuje kwenye kazi. Nikafungua buti. Ndani nilikuta boksi la spika, jeki mbili, sijui ya pili ni ya nani, na madumu mawili ya asali ya Sikonge ambayo shemeji aliniomba nimtunzie "siku mbili", ikawa mwezi. Mtu anasema dumu la lita 20, ah, ni kilo 20. Hapana. Asali ni nzito kuliko maji, dumu moja linafika kilo 28. Nilikuwa nambeba mtu mzima ambaye hachangii mafuta. Nikashusha vyote, isipokuwa jeki moja.

Halafu upepo wa matairi. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko. Changu kinasema 230, hizo ni kPa, ukigeuza kwa kipimo cha psi cha mashine za upepo ni 33 hivi. Nilikutwa na 25 mbele na 24 nyuma. Tairi legevu linakandamizika kila linapozunguka, na nguvu ya kulikandamiza inatoka kwenye tenki. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, siyo baada ya kukimbia. Na nikabadilisha eya klina, ingawa hapa niwe mkweli: kwenye gari za petroli za nozeli, zile ambazo kompyuta ndiyo inapuliza mafuta, eya klina chafu inakula nguvu zaidi kuliko mafuta, kwa sababu kompyuta inapima hewa iliyoingia ndipo inapima mafuta. Niliibadilisha kwa kuwa ilikuwa na rangi ya ugoro.

Nzega tena: lita 27.2. Sasa 8.5 kwa lita. Kuna kitu, lakini siyo cha kupigia vigelegele. V6 hii kwenye lami tambarare kama ya kwetu inapaswa kwenda zaidi ya hapo.

Hapo ndipo kinapoingia kifaa cha pili, na hiki ndicho ninachokisifia leo. Kisomaji cha OBD cha bluetooth, kidogo kama kiberiti, elfu thelathini. Kinafanana na kile cha kwanza kama pacha, na ndiyo maana watu wanachanganya. Hiki hakidai kuokoa chochote. Kinasoma kompyuta ya gari na kuonyesha kwenye simu: joto la injini, mzunguko wa injini, hewa inayoingia, kama kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta. Kwangu kilikubali moja kwa moja. Gari za Japani za zamani zaidi nyingine zinakikatalia, kwa hiyo mwambie muuzaji mjaribu kwenye gari yako kabla hujatoa hela. Na tafadhali, simu ishikwe na abiria. Kwangu alishika mdogo wangu, kazi yake ilikuwa kunisomea namba kama mtangazaji wa mpira.

Tumeacha Tabora, tumetembea nusu saa, namwambia nisomee joto la injini. Anasema, "Sitini na moja." Nikamwambia soma vizuri. "Kaka, sitini na moja. Sasa hamsini na tisa."

Wadau, injini hii ikishapata moto inatakiwa ikae kwenye nyuzi 80 na kitu mpaka 90 na kitu. Hamsini na tisa ni injini ambayo haijaamka. Na mimi kila siku nilikuwa naona mshale wa joto uko chini ya nusu, najisifu kijiweni kwamba gari yangu haichemshi!

Tukaenda kwa fundi, tukafungua. Nyumba ya themostati ipo, themostati haipo. Fundi wa mmiliki aliyetangulia aliing'oa. Mnaujua mchezo huu: gari inachemsha, badala ya kutafuta kwa nini, inatolewa themostati, maji yanazunguka muda wote, gari inapoa, mteja anafurahi, analipa. Mwezi wa pili anaanza kulalamika kwamba inakunywa.

Niwaeleze kinachotokea. Themostati ni mlango mdogo wenye springi na nta ndani. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa, maji hayaendi kwenye rejeta, injini inapata moto haraka. Ikifika kwenye nyuzi 82 hivi nta inatanuka, mlango unafunguka. Ukiung'oa, ukishakuwa barabara kuu upepo unapiga rejeta na injini inakaa baridi safari nzima. Kompyuta inasoma baridi, inadhani ndiyo kwanza umewasha gari asubuhi, inaendelea kumwaga mafuta mengi, kama mtu anayepuliza jiko ambalo limeshawaka. Oili nayo inabaki nzito. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye gari nyingi za otomatiki, injini isipofikia joto fulani, gia boksi haikabi kikamilifu, yaani haijifungi moja kwa moja na injini, inateleza kidogo, na gia ya mwisho inaweza kucheleweshwa. Kwa hiyo unatembea mwendo uleule kwa mzunguko mkubwa zaidi. Hasara inaingia milango mitatu kwa wakati mmoja.

Tukaweka themostati mpya, tukajaza kulanti badala ya maji ya bomba, tukatoa hewa. Kabla ya hapo tulihakikisha feni inafanya kazi na rejeta haijaziba, na wewe fanya hivyo. Kama gari yako ilitolewa themostati kwa sababu ilikuwa inachemsha, ule ugonjwa bado upo, ulifunikwa tu. Ukirudisha themostati bila kuutafuta, utachemkia Puge, njiani kabla ya Nzega, na hiyo simu usinipigie mimi.

Safari ya nne. Mdogo wangu anasoma: 84, 86, 85, ametulia hapo. Nimeendesha vilevile, 110, 120 palipo wazi, 50 vijijini kama kibao kinavyosema. Tukajaza: lita 23.9. Hiyo ni 9.7 kwa lita. Nilimwomba mhudumu anionyeshe tena kioo cha pampu.

Halafu nikafanya jambo ambalo mwenye Mark X halipendi. Nikaenda kwa 90. Wadau, kwa nusu saa ya kwanza nilipitwa na kila mtu, kuna Noah imebeba magodoro juu ilinipita ikanipigia honi. Lakini hesabu ya upepo haina huruma: ukitoka 90 ukaenda 120, kani ya upepo inayokupinga haiongezeki theluthi moja, inaongezeka robo tatu na zaidi. Nilitumia lita 20.6. Kumi na moja na pointi mbili kwa lita, kwa V6! Nilichelewa kufika Nzega kwa dakika kumi na kitu tu. Chai niliikuta bado ya moto.

Kuna tabia moja niiseme kwa ukali kidogo. Kuweka gari frii kwenye mteremko. Huku kwetu tambarare haina maana, lakini nawajua mnaoshuka Sekenke kwa frii mkidhani mnaokoa. Gari yenye nozeli, ukiachia mafuta ikiwa kwenye D na magurudumu yanaizungusha injini, kompyuta inakata mafuta kabisa. Ukiweka frii, injini inabidi ijiendeshe yenyewe, kwa hiyo inakunywa. Unalipia mafuta, tena unashuka mlima kwa breki peke yake. Mimi sipandi gari yako.

Mmeniuliza sana kuhusu chupa za kumwaga kwenye tenki za kusafisha nozeli. Kwa 4GR jibu lina pande mbili. Nozeli zake zinapuliza moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo dawa ya tenkini inaweza kufika kwenye nozeli. Lakini uchafu unaosumbua injini za aina hii ni kaboni inayoganda nyuma ya valvu za kuingizia hewa, na petroli haipiti pale. Dawa ya tenkini haiwezi kusafisha mahali isipopita. Pale panasafishwa kwa kufungua manifodi, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini. Nitafungua ya kwangu, tutaangalia pamoja.

Kwa hiyo hukumu yangu: kile cha taa ya kijani, usinunue hata ukipewa kwa elfu tano. Kisomaji, nunua, au mchange watu watatu mnunue kimoja, hakiliwi. Themostati niliyofunga ilinigharimu karibu bei ya vidude viwili vile, na kutoka lita 28.5 mpaka 20.6 ni karibu lita nane kila nikienda Nzega na kurudi.

Kidude nimempa mwanangu, amekifunga kwenye gari lake la maboksi, betri nimemtafutia mimi. Nazima kamera, shemeji huyo anakuja, na naona amebeba dumu jingine.