Wesiti mpya ya jakuzi: miezi mitatu, hakuna tone

Nyumba ninayopanga hapa Shangani, Mtwara, ilijengwa miaka ile ya joto la gesi, kila mwenye kiwanja akisubiri mpangaji mzungu. Mzungu hakuja, nikaja mimi, nikarithi beseni la kuogea lile la kulala ndani. Majirani wanaliita jakuzi. Halitoi hata povu, ila jina limeshaganda.

Mwezi wa nne maji yakaanza kuchuruzika chini ya vigae vya ubavuni kila watoto wakishaoga. Fundi wa kwanza alizungushia silikoni kwa juu, kwenye wesiti, yaani kile kifaa cha tundu la kutolea maji, akachukua 25,000 yake. Siku ya tisa maji yale yale. Ni kumpaka mgonjwa dawa juu ya shati.

Nikabandua vigae viwili, nikatandika gazeti chini ya beseni, nikaziba tundu na kujaza maji nusu. Baada ya nusu saa gazeti limelowa. Hapo nikajua tatizo ni pale wesiti inapokutana na beseni, kwa sababu maji yalikuwa yamesimama tu. Kama lingelowa baada ya kuzibua, ningehangaika na bomba la chini na bendi, kile kipande cha bomba kilichopinda.

Dukani nilinunua seti ya wesiti kwa 14,000: sahani ya juu yenye chujio, raba mbili, nati kubwa ya plastiki na skrubu ndefu ya katikati. Muuzaji aliniuliza, "Dada, umepima tundu? Ya kunawia mikono ni inchi moja na robo, hii moja na nusu." Sikuwa nimepima. Nikarudi nyumbani na utepe. Ilikuwa moja na nusu.

Kazi ngumu ilikuwa kutoa ya zamani. Hewa ya bahari ilikuwa imeila ile skrubu hata kichwa hakishikiki. Nilimwagia mafuta ya taa, nikalala, asubuhi bado. Mwisho nikaikata kwa msumeno wa chuma kutokea chini, nimelala chali, tochi ya simu mdomoni. Raba ilipotoka ikavunjika mkononi kama ganda la korosho iliyochomwa. Yaani miaka yote hiyo maji yalizuiwa na kitu cha namna hiyo!

Kufunga ni kazi ya dakika ishirini, ukishakwangua silikoni ya zamani kwa wembe na kukausha vizuri. Silikoni kidogo chini ya sahani, raba nene chini ya beseni, kisha nati. Mara ya kwanza niliikaza kwa spana kwa hasira zote nilizonazo kwa yule fundi, raba ikachomoka upande. Nikafungua, nikaanza upya: nikakaza kwa mkono mpaka ikagoma, halafu robo mzunguko tu kwa spana, huku mwanangu mkubwa ameishikilia sahani kwa juu isizunguke. Tukaacha saa 24 silikoni ikauke. Watoto walioga kwa ndoo wakinung'unika kama wamehamishwa nchi.

Nikarudia jaribio la gazeti. Kavu. Nikazibua maji yote yaende kwa kishindo, bado kavu.

Naipa nyota nne. Chujio linashika nywele vizuri, na raba ni laini kweli. Nyota moja naikata kwa skrubu: mwezi wa pili tu tangu niifunge imeanza doa la kutu, na kwa pwani hii hilo si jambo dogo. Ukinunua, tafuta skrubu ya chuma kisichoshika kutu ya saizi hiyo hiyo, uibadilishe kabla hujafunga. Ndani ya pakiti hakuna hata karatasi ya maelekezo, kwa hiyo piga picha ya zamani kabla hujaifumua.

Vile vigae viwili sikuvirudisha kwa saruji, nimevibandika kwa silikoni nukta nne. Mwenye nyumba alipopita akavigonga kwa kidole, akauliza mbona vinalia vitupu. Nikamwambia baba, huo ndio mlango.